Mshenga wa Mfupa

Saa tisa za usiku, Pontal, bara la São Paulo.
Mashine za miwa zimelala; kinu hakilali.
Nyuzi mia tatu na arobaini, yasema geji,
nami Jucineide, binti Deusdete mkata miwa,
naiandika tarakimu daftarini
kama anayeandika homa ya mgonjwa.

Baba, hamira ni ileile.
Inakula sukari, inacheua povu,
inatuachia pombe matangini
na kufa humohumo, imelewa kazi yake.
Tani kumi kwa siku ulikata,
kwa panga, kitambaa usoni,
katika shamba lililochomwa jana yake.
Mama akianua nguo zina masizi,
akizifua, akizianika, zina masizi.
Jumamosi ulikunywa ulichokata.

Siku yangu ya kwanza Injinia Katayama
alinimiminia kiganjani unga mweupe.
Nikadhani chokaa. Akacheka:
"Kichocheo chetu. Kalisi na fosfeti.
Ndicho kilichomo kwenye meno yako."
Nikafumba mdomo.

Pombe inaingia ikiwa mvuke,
kaboni mbilimbili, fupi, nyepesi,
rahisi kuwaka, rahisi kunyweka.
Inapita kwenye mfupa.
Mfupa unaivua haidrojeni, kama mshenga
awaambiaye wageni wavue viatu mlangoni;
unaziunganisha mbili kwa mbili;
tone la maji linadondoka
(machozi ya mama wa bibi harusi, au jasho, sijui);
kisha kila mmoja anarudishiwa viatu
na zinatoka zina kaboni nne:
butanoli, nzito, yanuka ndizi iliyopitiliza,
haipatani na maji kama alivyopatana mama yake.
Mshenga haoi. Amesharudi mlangoni.

Ila kabla ya ndoa
kuna kitu kinachopita upesi,
kinanuka tofaa bichi lililoanza kuoza.
Usiku mmoja muhuri wa bomba ulivuja
nikamwuliza Katayama: nimeinusa wapi hii?
Akajibu macho yakiwa kwenye skrini:
"Asetaldehidi. Hata ini huitengeneza,
mtu akinywa. Hatua ya kwanza ni moja."

Baba, ilikuwa harufu ya mto wako.
Jumapili asubuhi, dirisha limefungwa.
Kumbe ini lako lilikuwa kinu,
bila geji, bila vali ya dharura,
bila mtu wa zamu ya usiku.
La, nimekosea. Alikuwepo.
Mama alikesha. Hakupewa daftari tu.

Vitabuni wanaandika kwamba kichocheo hakibadiliki.
Waje baada ya miezi minne.
Unga unatoka mweusi kama shati lile,
masizi yameziba kila kitundu.
Tunaupuliza hewa ya moto usiku kucha
mpaka uwe mweupe,
na unakuwa mweupe,
lakini nguvu hazirudi zote.
Hilo naliandika kwa kalamu nyekundu.

Kesho Valdeci atabeba mapipa sita.
Mengine yataenda kuwa rangi za kuta,
mengine kwa watu wanaozidisha kaboni tena,
nne kuwa nane, nane kuwa kumi na mbili,
hadi yawe mafuta ya ndege.
Sijapanda ndege. Wewe ulipanda basi siku tatu
kutoka Maranhão, kwa msimu mmoja,
na msimu haukuisha.

Saa kumi. Wakati wa sampuli.
Nafungua vali ndogo. Tone la kwanza hutupwa,
ndio utaratibu, limechanganyika na la jana.
Nawe pale baa ulilitupa la kwanza
sakafuni, fungu la mtakatifu,
ukasema mtakatifu naye ana kiu.

Nalimwaga kwenye beseni.
Hili halinyweki, baba.
Nyuzi mia tatu arobaini na moja.
Naandika.