Moja kwa Thelathini na Tano

Boksi lilisahaulika juu ya kabati, chumba namba saba,
hosteli ya watu wa gesi, Shangani, nilikokuwa nikitandika vitanda.
Mwenyewe kesharuka. Nikangoja mwezi; hakupiga simu.
Nikapanda nalo basi la Newala, mapajani, chini ya mikate.

Juu, picha: gari la deraya, matairi manne,
antena imesimama kama sharubu ya panzi.
Ndani, plastiki ya rangi ya majani makavu,
vipande mia na arobaini vinaning'inia kwenye fremu
kama mabibo machanga, kila kimoja na namba yake.
Baba hakutazama maelekezo.
"Hili nimeliendesha," akasema,
na mkono uliokuwa ukipapasa miwani ukatulia.

Siku tisa meza ikawa karakana.
Mama Somoe akatutandikia mkeka, akinung'unika:
"Ugali unahamishwa na kigari
kisichobeba hata debe la maji!"
Tukakatia kisu cha kubangulia korosho.
Gundi ilikuwa imekaukia kwenye tyubu;
baba akaenda uani, akarudi na utomvu wa mkorosho
ndani ya kizibo cha soda.

Utomvu hushika polepole.
Kila gurudumu tulilishikilia tukihesabu hadi mia mbili,
na humo katika kuhesabu ndimo alimosemea.
Kwenye sitini: mvua, tope, njia ya kuteremkia Ruvuma.
Kwenye mia na kumi: "Likwati alikuwa nyuma yangu, kwenye bunduki."
Mia na tisini, kimya.
Tukaanza gurudumu la pili.

Mwisho kilibaki kifuniko cha juu,
namba themanini na sita, sawa na ukucha wa dole gumba.
Mchoro unasema: funga. Mshale, tone la gundi.
Nikachovya kijiti.
Baba akanidaka kiwiko.
"Hicho usikigundishe."

Akakilaza juu ya tundu.
Akakifungua kwa ncha ya wembe,
akakifunga, akakifungua, akakifunga,
kama fundi anayejaribu bawaba
iliyowahi kumkatalia.

Usiku, wamelala, nikachukua rula.
Tundu: milimita kumi na sita.
Nikazidisha kwa thelathini na tano nyuma ya risiti ya basi.
Sentimita hamsini na sita.
Mabega ya mtu yanapita,
kifuniko kikikubali.

Sasa gari liko juu ya redio.
Ukungu wa Newala ukiingia dirishani, plastiki hutoka jasho.
Mama akifuta vumbi hukifunga kifuniko,
hapendi kitu kikae wazi.
Baba akitoka kwenda kuswali alfajiri
hukifungua.
Hawajawahi kulizungumza.

Juzi nilimwona mama na kitambaa chake:
kafuta matairi, kafuta pua ya gari,
kafika pale juu, kasita,
kisha kapita kandokando.