Nzuri, Ila

Jumanne niliwaachia gari kule Carlisle
likiwa na maili mia mbili na kumi na mbili.
Jioni wakanirudishia limeoshwa, linanukia ndimu,
na kioo kinasema mia moja sitini na tisa.

Kijana wa dukani, Lewis, kucha safi kama za bwana harusi,
akasema: betri hatukuigusa.
Tumesasisha programu tu.
Betri ni ile ile, barabara ni zile zile,
kilichobadilika ni hesabu.

Nikamuuliza: zile arobaini na tatu
zimekwenda wapi?
Akatabasamu. Akanipa kahawa ya mashine.

Zilikuwemo, wakazifungia?
Au hazikuwemo kabisa,
na mimi miaka miwili napanda Hartside
nimeegemea ukuta wa kuchorwa?

Kazi yangu ni kuogesha wazee majumbani mwao.
Kirkoswald saa moja, Melmerby saa tatu,
halafu juu, ng'ambo ya mlima, Alston, kwa Bi Edna Tallentire
asiyetaka maji yaliyo moto kuliko mkono wangu.
Kila nyumba dakika arobaini na tano.
Hakuna anilipaye kwa maili iliyopotea.

Leo ukungu. Nyuzi mbili chini ya sifuri.
Mtambo wa chaji mtaani kwetu mbovu tangu Ijumaa,
nimeondoka Penrith na nusu.
Nimezima hita. Nimevaa kofia mbili.
Kona ya kwanza, arobaini na nane.
Kona ya pili, arobaini na tatu,
na kondoo mmoja kati ya barabara
ananitazama kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Kwetu Korogwe nilijua salamu kabla sijajua kuvaa viatu.
Hujambo? Sijambo.
Mtu ana homa: sijambo.
Mtu amezika jana, turubai bado halijakunjwa,
habari za hapa? Nzuri.
Kisha anameza mate, anasema: ila.
Na nyuma ya ila ndiko yalikojificha mambo yote.

Labda gari langu lilikuwa na adabu tu.
Kila asubuhi nililijulia hali, likajibu nzuri,
nami nikaondoka kabla halijafika kwenye ila.
Wale wa Carlisle wamelifundisha kumaliza sentensi.
Au wamelifundisha woga.
Sijui.
Mwoga na mkweli hupunguza namba kwa namna moja.

Kileleni, thelathini na moja.
Wakati wa joto hapa hujaa pikipiki. Leo upepo peke yake.

Kisha mteremko. Naondoa mguu.
Gari linajizuia lenyewe, linaguna, linakunywa kasi yake,
na namba (nilidhani ni macho)
inapanda.
Thelathini na mbili. Thelathini na tatu.
Thelathini na tano, mbele ya nyumba ya kwanza.

Zamani ningepiga kigelegele peke yangu humu ndani.
Sasa naitazama
kama ninavyoisikiliza simu ya Jumapili,
kaka Shemdoe akisema mama anakula vizuri,
mama juzi katembea mpaka barazani,
usiwe na wasiwasi dada, wote wazima.

Bi Edna ameacha dirisha la jikoni wazi kidogo, waya upite.
Umeme wake unaingia polepole, kama dripu.
"Umebakiwa na maili ngapi?"
Namwambia inategemea unamuuliza nani.
Anacheka hadi anakohoa, anashika ubavu,
anauachia haraka aonapo nimeona.

Natia mkono majini, najaribu moto wake.
Unaumwa leo, Bi Edna?
"Niko sawa."

Nasugua mgongo wake taratibu,
mfupa kwa mfupa.
Dakika arobaini na tano zimebaki kumi na moja.
Sisemi kitu.
Nasubiri.