Omu Mbili

Malkhazi alitaka taa izimwe, basi.
Ile nyekundu, ya mtu mdogo mwenye mkanda kifuani,
iliyowaka tangu Jumatano aliposukuma kiti cha mbele
kupisha gunia la jozi za mkwewe.
"Haina neno," alisema. "Abiria wangu wa Gori
wako hapo nje, wanamaliza kahawa."

Tsiala hakujibu. Alichomoa betri,
waya hasi kwanza, akatazama saa ya ukutani.
Dakika kumi. Hapa Rustavi watu huumega mkate haujapoa,
lakini dakika hizi kumi hampunguzii mtu.
Chini ya kiti mna baruti, haijai kijiko cha chai,
na umeme uliobaki ndani ya kompyuta
ni mgeni aliyekwisha kuaga:
bado yuko mlangoni, anazungumza.

Nilikuwa na mita mkononi na miezi mitatu kazini.
Nikaipeleka kwenye plagi ya manjano
naye akanipiga kikofi cha kiganja, si cha hasira.
"Hicho hakipimwi.
Kijibetri cha mita yako kinatosha kukiambia: sasa.
Pima waya. Pima njia.
Mwenye baruti mwache alale."

Nikajilaza, tochi mdomoni.
Vumbi, senti ya Marekani,
pini ya nywele isiyo ya mtu wa nyumba hii.
Nikaufuata waya kwa vidole
hadi mahali ambapo mkono wa mtu ulipita kabla ya wangu:
utepe mweusi, umeviringwa vizuri mno.

Ndani yake, rezista.
Punje yenye milia minne ya rangi.
Omu mbili, zile zile kompyuta inazoziulizia
kila ufunguo ukizungushwa: Upo?
Na punje, miaka yote hiyo: Nipo.
Njia ya mwongo ni fupi;
hii ilienea juu ya ukucha.
Kiti kilipolisukuma gunia, kikaivunja mguu mmoja.

Kumbe taa haikuugua.
Taa ilikuwa imepona.

Tsiala akauvuta mkanda mpaka mwisho.
Ulitoka kwa kusita, na karibu na bega
nyuzi zilikuwa zimeungua, zinang'aa kama gundi.
"Huu ulishakaza," alisema.
"Barabara fulani ng'ambo, kwa kifua cha mwingine.
Haukazi mara mbili."

Malkhazi akauliza bei ya mpya. Akaambiwa.
Akaangalia kofia yake.
Akauliza bei ya tone la lehemu.

Tsiala alifuta mikono kwa gazeti, kidole baada ya kidole.
"Nani hukaa hapa?"

Nje mtu alicheka, kikombe kikagonga kisahani.

"Eteri," alisema. "Jumapili."

Alilipa ya kupimwa tu.
Saa nane kasorobo akaondoka, taa inawaka,
abiria wote watatu wamebanana nyuma wakilalamika,
na mbele, peke yake, limefungwa mkanda,
gunia la jozi.