Taarifa ya Kifo Changu

Nilikufa Jumanne moja ya Februari,
gundi vidoleni, kodiani mapajani,
mvukuto wake wazi kama kifua cha mgonjwa.
Habari zilinifikia kwa posta: shada la maua meupe
kutoka kwa mteja wa Bragança, na kadi:
"Poleni wafiwa. Je, kodiani yangu ilishakuwa tayari?"

Zamani mtu akitafuta fundi wa kodiani hapa Chaves
mtandao ulimletea orodha: mimi, duka la magitaa,
na kinyozi ambaye sijui aliingiaje.
Alichagua mwenyewe, akakosea mwenyewe,
akapiga simu nikamwitikia kwa kikohozi changu.
Siku hizi orodha imesukumwa chini ya meza.
Juu kuna sauti moja
inayojibu kabla hujamaliza kuuliza,
tena kwa vina:

*Fundi wenu Deolinda, duniani katutoka,*
*Kodiani alipenda, sifa zake zasikika,*
*Dukani kwake ukenda, mlango umefungika,*
*Kuna duka la vinanda, Braga huko utafika.*

Tamu, au sivyo?
Hata mimi niliisoma mara mbili
nikajikuta namlilia marehemu.

Amílcar, mjukuu wa dada yangu, aliiandikia:
"Umekosea. Nimekaa naye hapa, anakula supu."
Ikajibu papo hapo: *Samahani sana, uko sahihi kabisa.*
*Bi Deolinda yu hai, na asante kwa kunirekebisha.*
Nilifufuka kabla supu haijapoa.
Saa kumi mwoka mikate akauliza kwa simu yake,
nikazikwa upya,
safari hii na mazishi yaliyohudhuriwa na wengi.

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa hivyo.
Hatukufundishwa kumgeukia anayejibu:
nawe, nani kakwambia?

Chini ya jibu palikuwa na namba, ndogo kama yai la chawa.
Amílcar akaibonyeza.
Likafunguka tangazo la parokia moja karibu na Mirandela:
Deolinda Quaresma, miaka themanini na mmoja,
muuza soseji.
Jina langu lote, hata herufi haikupotea.

Nilipanda basi. Mpwa wake, Filomena, alinipokea mlangoni
akanitazama viatu kwanza, kisha uso.
"Wanatupigia simu usiku," akasema,
"wanauliza bei ya kubadilisha vitufe.
Shangazi yangu hakuweza hata kupiga mluzi.
Miaka hamsini ya moshi wa soseji machoni,
na mashine imemzika na kazi ya mtu mwingine."

Hapo ndipo nilipoona aibu, mimi niliyekuja kudai.
Mimi nilinyang'anywa wateja.
Yeye alinyang'anywa kifo,
kitu cha mwisho alichokuwa nacho chenye jina lake.
Nililitoa lile shada mkobani, limekauka, linapukutika,
nikaliweka kaburini.
Lilikuwa lake tangu mwanzo;
lilikosea tu anwani.

Mteja wa Bragança alikuja mwenyewe mwezi wa Aprili.
Alisimama kizingitini, kofia mkononi, asiingie.
Kodiani ilikuwa mezani, imeng'arishwa,
lakini hakuigusa.
Aliushika kwanza mkono wangu,
akaubonyeza kidogo, akasikiliza,
kama anayejaribu kitufe
kilichokuwa kimekwama.