Maelekezo kwa Anayekuja kwa Pikipiki

Ramani ya stesheni itakupeleka kwenye handaki.
Iache. Handaki ni la wenye haraka,
nawe hukununua pikipiki ili uangalie saruji.
Toka Nakamura alfajiri, tangi limejaa,
maana huko pwani petroli huuzwa hadi mzee Hirota asinzie,
naye husinzia saa nane mchana.

Kusini kwanza. Bahari itakuwa kushoto kwako,
ikipotea nyuma ya mianzi, ikirudi, ikipotea tena
kama mtu anayejaribu kukumbuka alichotaka kusema.
Mwezi wa pili maua ya kamelia hudondoka mazima mazima
juu ya lami, mekundu, na tairi haliyapendi.
Utaona vibao: hapa ni mita tisa juu ya bahari,
hapa mita nne.
Hatukuviweka viwe pambo.
Pale penye mita nne ndipo nilipozaliwa.

Harufu ya moshi ni ya jodari, wanakaushwa kwa kuni za mwaloni.
Simama kwa Bi Sanae. Usile na glavu mkononi,
nitapata habari.

Kisha geuza, uufuate mto wa Shimanto kwenda juu.
Hapa nilipita miaka ishirini na sita na basi la shule:
watoto thelathini, halafu tisa, halafu mmoja,
Kazuho, aliyekaa kiti cha mbele kabisa
tukapiga soga kama abiria wawili wa treni ya usiku.
Alipohitimu, basi likauzwa.
Nikanunua pikipiki ya kijani, tangi lina kovu
la mtu nisiyemjua.
Mwanangu akasema, Mama, una miaka sitini na mmoja.
Nikamwambia, hata barabara imenizidi.

Sasa sikiliza vizuri habari ya madaraja.
Hayana kingo. Hakuna chuma, hakuna kamba,
hakuna hata ukuta wa kufika gotini.
Yamejengwa chini, karibu na maji, kusudi
mafuriko yapite juu na magogo yakose pa kushika.
Kila tufani huzama. Kila tufani huibuka na tope,
na mara moja na baiskeli isiyo na mwenyewe.
Usitazame maji. Tazama ng'ambo, mabega yalegee,
gia ya pili,
na breki ya mbele usiishike kwa hofu.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa katikati
nilipokiona kigari cheupe cha Okabayashi, muuza tofu,
kimeshaingia upande wa pili.
Daraja ni la mmoja. Pikipiki haina rivasi.
Tukatazamana. Chini yetu samaki wa ayu waling'aa
kama visu vilivyosahauliwa ndani ya karai.
Akatoa kichwa dirishani, akanitambua:
ndimi niliyempigia honi asubuhi zote zile
apishe watoto.
Miaka themanini na miwili, shingo haigeuki.
Akatia rivasi.
Mita mia moja na arobaini kwa kioo kimoja,
tofu ikitikisika ndani ya maji yake,
polepole, kama anayerudisha uzi
katika tundu la sindano.
Nilipomfikia nilimshukuru.
Akasema, Leo huna watoto.
Akaingia darajani, akaenda zake kuuza.

Ukimkuta, shuka, usukume kurudi nyuma. Ni zamu yetu.

La mwisho. Mvua ikinyesha milimani,
hata kama kichwani kwako jua linawaka,
tazama kigingi chenye rangi nyekundu.
Usipokiona, usivuke.
Njoo kwangu, nyumba ya tatu ukiipita shule iliyofungwa,
viatu uviache nje, mnyororo nitakupakia mafuta.
Daraja litarudi kesho.
Au keshokutwa.