Nusu Birika

Bonne, fundi wa majiko, ametuachia karatasi mezani:
yuro elfu moja mia mbili na tisini,
tangi la lita tatu chini ya sinki,
bomba moja lenye shingo ya korongo,
na maji yanayochemka usiku na mchana
yakikusubiri wewe, badala ya wewe kuyasubiri.

Wiki ya tatu hii, karatasi iko pale pale.
Imeshapata maduara mawili ya kikombe
na hesabu zangu za penseli pembeni:
umeme wa tangi likiwa limelala tu,
kichujio cha kubadilisha kila mwaka,
bei nzima kugawanya kwa vikombe vya siku, tisa.
Jibu liliniudhi. Nikalifuta.

Halafu, chini ya sinki pana wenyewe:
viazi, siki, matambara,
na sufuria ya chuma ya mama
ambayo tangu tuhamie nyumba hii
haijakubali kukaa kwingine.

Jildou alipiga simu kutoka Zwolle.
"Mama, na mtoto je? Vidole vyake havina breki."
Nikamweleza alivyonieleza Bonne:
unabonyeza mara mbili, kisha unazungusha.
"Kumbe ni sefu ya benki," akasema,
"na mnachohifadhi ni chai."

Sjoerd hasemi kitu.
Mtu aliyebishana nami miezi miwili
juu ya rangi ya kitasa cha mlango
sasa ananiambia, "Utakavyo wewe,"
na kurudi kwenye gazeti lake.
Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Jumanne nilishuka mapema, na soksi tu miguuni.
Hapa Leeuwarden mvua huja kwa ubavu;
ilikuwa inapiga dirisha, hakunisikia.
Alikuwa amejaza birika nusu.
Lilipopiga mluzi alilishika kwa mikono miwili,
kiwiko amekiegemeza kwenye meza ya jiko,
na kifuniko kikawa kinacheza, kinagonga, kinagonga,
ingawa moto ulikwisha kuzimwa.
Akamimina kikombe kimoja.
Akapumzika.
Akajaza nusu nyingine, akawasha moto upya,
kwa ajili ya kikombe changu.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.
Hawakusema lolote juu ya kifundo cha mkono,
na chake, mkono wa shati ulipopanda,
kilikuwa na alama nyekundu, na nyingine ya kahawia
iliyokwisha kuanza kusahaulika.

Nilipanda tena juu kwa ncha za vidole,
kisha nikashuka nikikanyaga ngazi kwa kishindo
kama askari aliyekodishwa.
"Chai tayari," akasema,
sauti ya mtu asiyedaiwa.
Nilikunywa. Ilikuwa ya moto kuliko yake.

Jioni nikaleta karatasi na kalamu.
"Nimekuwa mvivu," nikamwambia.
"Siwezi tena kusimama kungoja birika."
Akanitazama kwa muda ambao birika lingechemka.
"Umeshindwa na dakika tatu, Wietske?"
"Nimeshindwa."
"Mwanamke uliyeningoja miaka minne nikiwa melini?"
"Nilikuwa na magoti mapya."

Akacheka. Akavuta karatasi.
Herufi ya kwanza ya jina lake ilitoka nje ya mstari,
ikapanda juu ya bei, ikashuka,
ikarudi kama mtu aliyepotea nyumba.
Tuliitazama sote wawili.
Hakuna aliyeuliza kama ipo karatasi nyingine.

Bonne anakuja Alhamisi.
Viazi vimehamia varandani.
Sufuria ya mama iko sakafuni katikati ya jiko,
kila mtu anaikwepa, hakuna anayeipangia.
Na birika, kwa siku hizi mbili zilizobaki,
nalijaza mimi,
hadi mdomoni.