Ngoma Haina Midomo

Tulitoka Oruro kumi na watano,
tumepakiwa behewa moja na nyumbu,
na nyumbu, ukweli usemwe, walituzidi adabu.
Watu wa mlimani sisi, wa baridi inayong'ata masikio,
tukashushwa Chaco,
mahali ambapo miba ina kivuli na majani hayana.

Mwanzoni hatukupewa bunduki.
Kapteni Zegarra alisema, silaha yenu ni gwaride.
Tukapiga asubuhi vijana wakienda,
tukapiga jioni kwa waliorudi,
mpaka siku machela zilipokosa wabebaji
na mikono iliyozoea klarineti
ikajifunza uzito wa mtu anayemwita mama yake kwa Kiaymara.

Kufika Agosti tulikuwa saba.

Lori la maji lilikuja Jumanne, kisha Ijumaa,
kisha likawa habari tu.
Midomo ya wapulizaji ikachanika.
Crisólogo akigusa tarumbeta, shaba inarudi na damu.
Ndipo simu ikasema: Jenerali anakuja.
Anataka muziki.
Anataka kusikia kwamba hatujambo.

Kapteni akaenda stoo, akarudi na debe dogo.
Kila mpulizaji kikombe kizima, alainishe midomo.
Akagawa. Wa kwanza, wa pili, wa sita.
Akafika kwangu, akaitazama ngoma,
akasema bila ubaya wowote, kama asomaye hesabu:
"Huallpa, ngoma haina midomo."

Sikumjibu. Ulimi ulikuwa umelala kinywani
kama soksi ya mtu mwingine.

Demetrio Ticona alikuwa wa tuba,
lile dude la shaba linalomzingira mtu kama chatu.
Mchimba bati, mchache wa maneno,
na kwangu hakuwa na neno hata moja:
wiki tatu tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya blanketi.
Nilimwona akienda nyuma ya lori, kikombe mkononi.
Akarudi nacho kitupu.
Nikamchukia kwa koo zima.

Jenerali akaja na buti zinazong'aa
(hayo nayo yalikuwa maji ya mtu).
Tukaanza.
Mapigo mawili tu, nikajua chini hakuna kitu.
Gwaride bila besi ni nyumba isiyo na sakafu,
unavuka kizingiti, unaanguka.
Demetrio amevimbisha mashavu,
vidole vinacheza, macho mbele,
na ndani ya shaba ile, kimya.

Mimi nilielewa nusu. Mikono ilielewa yote.
Nikaipiga ngoma nizibe shimo lake.
Wanasema ikivuma sana hupasuka.
Ipasuke.
Jenerali akatikisa mguu, akamwambia Kapteni:
"Besi yenu ina nguvu."

Usiku Demetrio akaja, akaketi. Hakutaja blanketi.
Akalaza tuba mapajani,
akabonyeza kile kitufe kidogo wapulizaji wanachotolea mate,
tone likatoka.
Nikaweka mdomo.
Tone. Tone.
Akawa anaizungusha shaba polepole, kona kwa kona,
akiyatafuta yalikojificha,
kama anayemgeuza mtoto aliyepaliwa.
Yalikuwa vuguvugu, yana ladha ya sarafu, ya grisi,
ya pumzi yake yote tangu Oruro.
Niliyanywa mpaka tone la mwisho.
Sikumbakizia. Hakuniomba.

Siku hizi, Februari, bendi zikijaa mitaani kwetu,
wajukuu wanalalamika kwamba babu hatazami wachezaji.
Natazama tuba.
Mpulizaji akisimama, akabonyeza,
akamwaga yale mate juu ya mawe,
nageuza uso.

Desemba nilibeba machela yake, upande wa miguu.
Alikuwa mwepesi.
Tulimfunika kwa lile blanketi.
Lilikuwa lake kweli.